Riwaya ya daftari la upatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa ambaye hajaisoma, habari yenyewe ni hii. Mwaka 2019 Mama Kulwa, muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, anahama nyumba na kukuta daftari lake la upatu la mwaka 1996. Ukurasa wa wiki ya nne ya Mei una safu ya Jumatano tarehe 22 ambayo ni tupu, maana siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kuchanga. Ni tupu isipokuwa alama moja nyekundu mbele ya jina la shoga yake, fundi cherehani. Na mtaa mzima unajua kwamba fundi huyo alikufa jana yake, Jumanne, ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria.

Je, haya yalitokea kweli?

Hapana. Fundi cherehani, Mama Kulwa, Bibi Nesi, Koplo na ukoo mzima wa shemeji mtu, yaani ndugu wa mume wa fundi, nimewabuni. Meli ni ya kweli, mwalo ni wa kweli, na mwezi wa angani ni wa kweli (nitaufikia). Naomba msiendelee kunitumia majina ya majirani zenu mkiuliza kama ndiye niliyemwandika.

Kwa nini MV Bukoba? Huoni unawatonesha watu kidonda?

Swali hili huja kwa ukali, na wanaouliza wana haki zao. Mwanza na Bukoba utatafuta sana mtaa ambao haukupoteza mtu. Meli iliondoka Bukoba tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, ikazama asubuhi ya tarehe 21 ikiwa inakuja Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Ukiweka tarakimu hizo mbili pamoja huhitaji maelezo marefu kuhusu kilichotokea.

Kilichonikamata mimi ni orodha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, yaani watu wa mikungu ya ndizi, mabegi ya kushona na watoto mgongoni, hawakuwa na orodha. Basi mtu ambaye hakuandikwa popote kwamba alipanda anaweza kusemwa alipanda, na nani atabisha? Wako waliozikwa Igoma bila ndugu kuwatambua, na wako ambao ziwa halikuwarudisha. Ukoo ukishasema "alikuwa mle", majirani wanaleta mikeka na sufuria, matanga yanakaa, habari inaishia hapo. Kama kuna mtu alitaka kumfukia mwanamke mmoja bila kuulizwa, hakukuwa na wiki nyingine kama ile.

Meli yenyewe sikuiingia. Hakuna sura hata moja inayosimulia kuzama, na sitaiandika. Walionusurika wapo, wanasema wenyewe kwa midomo yao, na hawahitaji mimi niwabunie maneno ya kusema ndani ya maji.

Kwa nini wapelelezi ni wanawake, tena watu wazima, tena hakuna hata mmoja mwenye bastola?

Kwa sababu ushahidi walikuwa nao wao tangu mwanzo. Ila hakuna aliyewauliza.

Fikiria askari angekuja Mwaloni mwaka ule. Angemuuliza nani? Mume, shemeji, balozi wa nyumba kumi, tajiri mwenye mitumbwi. Wale wanaokaa mchangani tangu saa kumi alfajiri na ndoo zao wakisubiri mitumbwi irudi angewapita kama anavyopita mawe. Kumbe wao ndio wanaojua nani anadaiwa, nani kauza nyavu kimya kimya, nani kaanza kununua bia siku ambayo hana sababu ya kuwa na hela.

Mama Kulwa alikuwa mweka hazina wa upatu. Kazi hiyo hapewi mtu mwenye mdomo mrefu, na wala hapewi msahaulifu. Bibi Nesi alifanya kazi wodini maisha yake yote. Amepokea wanawake wengi wenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mkononi wanaosema walianguka kwenye miamba, na anajua jeraha la mwamba linafananaje na la mkanda. Koplo, mtoto wa dada yake Mama Kulwa, ni askari, yuko Dawati la Jinsia la polisi. Wa nne ni binti wa marehemu, ambaye mwaka 1996 alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Mtoto wa kutumwa anaona mengi na hakuna anayejificha kwa ajili yake. Nikiendelea hapo nitaharibu sura ya mwisho.

Wasomaji fulani wamesema wanne hawa wanaongea sana kabla ya kufanya jambo. Ndiyo. Upelelezi wao ni maongezi, huku mikono inachambua dagaa.

Hivi kweli daftari la upatu linaweza kumwangusha shahidi?

Jibu hili linafichua sura ya saba. Ambaye hajafika aruke.

Daftari lenyewe ni la shule, jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha. Majina yako kushoto, tarehe juu, wino wa bluu. Alama za waliolipa ni za kalamu nyekundu, ambayo Mama Kulwa aliichukua kwa mwanawe na hakuirudisha. Kuna doa la mafuta ya taa linalopita kurasa tatu, na kwenye mshono wa katikati wamegandia dagaa wawili, wembamba kama uzi, macho bado yanaonekana.

Sasa sikilizeni mambo ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, enzi zile karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola; dagaa wanaufuata mwanga, wavu unafanya kazi yake. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika. Mtu wa mwaloni akikwambia "ni mbalamwezi", amekwambia hana hela. Kwa hiyo daftari la wanawake wanaoishi kwa dagaa linapanda na kushuka pamoja na mwezi: siku nyingi zimejaa alama nyekundu, kisha siku za madeni, kisha nyekundu tena.

Uongo wa kwanza wa ukoo, kwamba fundi alikufa melini, unaporomoka mapema kwa sababu ya ile alama ya Jumatano. Ndipo unaletwa wa pili: basi hakufa, alitoroka na mwanaume, na yupo shahidi aliyemwona akipanda mtumbwi saa nane za usiku wa kuamkia Alhamisi, mbalamwezi imetanda mpaka akatambua rangi ya kanga yake. Shahidi ni mzee wa heshima, anaongea taratibu, na msomaji anaanza kumwamini.

Mama Kulwa habishani naye. Anafungua kurasa, anarudi nyuma mpaka siku za madeni za mwanzo wa Mei, anakwenda mbele mpaka siku za madeni za mwanzo wa Juni, anahesabu katikati. Ndivyo anavyoupata mwezi mpya. Ukitaka kumhakiki fungua kalenda yoyote ya mwezi: mwaka 1996 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 3 Mei na tarehe 1 Juni, na mwezi mpya tarehe 17 Mei. Tarehe 22 ulikuwa mwezi wa siku tano, uzi tu, na ulizama kabla ya usiku wa manane. Saa nane hapakuwa na mbalamwezi ya kumwonyesha mtu kanga.

Mvuvi mmoja aliniandikia kwamba wiki ile watu hawakuvua, mitumbwi ilikuwa inasaidia kutafuta maiti. Ni kweli, na ndiyo maana Mama Kulwa haitegemei wiki ile peke yake. Aliyesoma sura hiyo haraka ataona ni bibi anayehesabu madoa mekundu. Asome tena.

Mbona hawakupiga simu kuuliza kama fundi kapanda meli?

Hili ni swali la waliozaliwa juzi, nawapenda hivyo hivyo. Mwaka 1996 mwanamke wa Mwaloni hakuwa na simu ya mkononi. M-Pesa yenyewe imeingia Tanzania mwaka 2008. Ulimpa barua mtu anayesafiri, au ulingoja. Wa mbali walisikiliza matangazo ya vifo ya Redio Tanzania huku wakiomba jina lisitajwe. Mtu kukaa wiki mbili bila kusikika haikuwa habari.

Kwenye sehemu za 2019 simu zipo, na wanne wetu wanafungua kundi la WhatsApp. Linawagharimu. Shemeji anajua walichogundua kabla chai yao haijapoa.

Umewaonyesha polisi kama wazembe. Una ugomvi nao?

Sina. Koplo ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote, na anabeba mzigo mzito kuliko wote.

Tatizo la kesi hii si kwamba jalada lilisahaulika kabatini. Jalada halijawahi kuwepo. Aliyekufa kwenye ajali ya meli hafunguliwi RB (namba ya taarifa polisi) ya mauaji. Hana mlalamikaji wala mtuhumiwa. Hivyo kazi ya wanawake hawa kwa nusu nzima ya riwaya ni kuifanya kesi iwepo. Wengi huniuliza kama baada ya miaka 23 inawezekana. Inawezekana: kwa sheria zetu kosa la mauaji halina ukomo wa muda. Ila kutoka hapo mpaka kizimbani ni mbali. Polisi wapeleleze, Mkurugenzi wa Mashtaka aridhike kwamba kuna kesi, kisha Mahakama Kuu iisikilize, na mashahidi wengine wakati huo wameshazikwa.

Koplo anajua pia kwamba haruhusiwi kupeleleza jambo la mama zake kisirisiri, na kwamba daftari likishapita mikono ya watu kumi, wakili wa upande wa pili atauliza nani aliongeza alama ile nyekundu. Ndiyo maana iko ile patashika ya kituoni ambayo wasomaji wengi wameipenda. Mama Kulwa anagoma kulitoa daftari mpaka aandikiwe karatasi yenye sahihi, tarehe, na idadi ya kurasa. Askari wa zamu anacheka. Anamwambia, "Mama, hili si ni daftari tu?" Naye anamjibu, "Baba, na hiyo yako si ni kofia tu?" Anaandikiwa.

Kwa nini hawapimi DNA wakamaliza ubishi?

Kwa sababu vipimo hivyo haviagizwi kama soda. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara ya kwenda ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya wanaotambuliwa na sheria, kama polisi na mahakama. Kaburi nalo halichimbuliwi bila amri. Na katika hadithi yetu, kabla ya kupima, inabidi kwanza ujue umpime nani. Wanalijua hilo ukurasa wa kumi kabla ya mwisho.

Sura ya Mahakama ya Mwanzo ni ndefu na kavu. Ilikuwa na ulazima?

Kwangu ndiyo sura ya damu kuliko zote, ingawa hakuna anayekufa ndani yake.

Fundi cherehani alikuwa na kiwanja Kirumba, alichonunua kwa hela yake ya kushona. Mtu akifa, mirathi hufunguliwa, ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unampendekeza msimamizi, mahakama inamthibitisha. Karatasi zote hizo zinabaki kwenye jalada. Binti akiwa mtu mwenye maslahi anaomba kulisoma, na karani, baada ya kumwambia njoo kesho mara kadhaa, analitoa likiwa na vumbi. Muhtasari wa kikao cha ukoo una tarehe 24 Mei 1996. Ijumaa. Wakati familia nyingine bado zinazunguka mji kutafuta maiti wao, hii ilishakaa, ikanywa chai, ikagawa kiwanja.

Watu wameuliza pia kwa nini mtoto hakupewa kitu. Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti daraja la tatu kwenye urithi, nyuma ya ndugu zake wa kiume. Shemeji hakuhitaji hata kughushi hilo. Aliliegemea tu.

Kwa nini wanamwamkia shikamoo mtu wanayeamini ni muuaji?

Wangefanyaje? Ni mkubwa kwao, yuko uwanjani kwake, kakaa kwenye kiti chake. Koplo anaingia na cheo chake, anapiga goti nusu: "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Kisha inafuata ile ngoja ngoja yote: hali za nyumbani, mvua, bei ya dagaa, mguu wa mzee unaomsumbua. Wapo wasomaji walioandika kwamba kurasa nne za salamu ni nyingi.

Rudini mzitazame salamu hizo. Mzee anaulizia kila mtu wa nyumba ya Mama Kulwa kwa jina, hata paka. Hamuulizii binti wa marehemu, mtoto wa kaka yake mwenyewe, aliyekaa mbele yake. Bibi Nesi analiona hilo, na ndiyo sababu anaomba maji ya kunywa ili apate kuingia ndani. Mtu anayejua salamu zetu atakuwa ameshamshuku mzee yule kabla uji haujaletwa. Sisemi kama anamshuku kwa haki.

Je, kuna uchawi ndani yake?

Kuna watu wanaouamini. Mganga anayetatua kesi hayupo, na kila aliyenishauri nimwongeze nimemkatalia.

Kuna bibi mzee, jirani wa fundi, aliyekuwa anaona mlango wa nyuma wa nyumba ile. Mwaka 1998 alifukuzwa mtaani kwa kuitwa mchawi, macho yake yakiwa mekundu. Kanda ya Ziwa tunaijua habari hii na tunaionea aibu: vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yameiva kwa moshi wa jiko la maisha yote. Mara nyingi ukikwaruza tuhuma ya uchawi chini yake unakuta shamba. Kwenye riwaya chini yake kuna shahidi. Aliyeanzisha maneno hayo mtaani hakuwa anaogopa kurogwa, alikuwa anaogopa kutajwa. Nimemwacha bibi yule hai, wanamkuta Magu kwa mjukuu wake, anachambua choroko. Wanamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," naye anawauliza mbona wamechelewa hivyo.

Naweza kwenda kutembelea maeneo yaliyotajwa?

Mengi unaweza. Mwaloni wa Kirumba upo na utanukia kabla hujafika. Nenda asubuhi, vaa viatu usivyovipenda, na usipige watu picha bila kuomba. Makaburi na mnara wa kumbukumbu ya MV Bukoba viko Igoma. Huko sio matembezi, nenda kimya. Jiwe la Bismarck limo kwa sababu hakuna anayekubali riwaya ya Mwanza isiyo na jiwe lile, lakini ukweli ni kwamba wahusika wangu wanalipita kwenye daladala bila kugeuka.

Nyumba ya fundi usiitafute.

Mbona wanasota kwenye foleni ya kivuko Kigongo wakati kuna daraja?

Kwa sababu ni 2019. Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo ulikaa foleni, ukanunua samaki wa kukaanga, ukasikiliza mambo ya watu. Ile foleni ndimo Bibi Nesi anamosikia jina la mwenye mtumbwi. Daraja lingeniharibia sura nzima.

Nimeshamjua muuaji tangu sura ya tatu. Ni shemeji, sivyo?

Watu wengi wananiandikia hivyo. Endelea kusoma, kisha ujiulize shemeji alikuwa wapi Jumatano ile, na ni nani mwingine aliyejua kwamba fundi hakwenda Bukoba. Aliyeniandikia kwamba ni Mama Kulwa mwenyewe, nimemcheka, halafu sikulala vizuri.

Kwa nini huelezi mwishoni alihukumiwa miaka mingapi?

Riwaya inaishia siku jalada linapopewa namba. Hukumu ni kazi ya jaji.

Kutakuwa na sehemu ya pili?

Naiandika. Ni ya biashara ya mabondo, vile vibofu vya sangara, mambo yanaanzia Ukerewe, na Bibi Nesi ndiye anayeshika usukani kwa sababu Mama Kulwa kasema safari hii ana dagaa wa kuanika. Msiniulize itatoka lini. Giza likianza kesho naye atakuwa mwaloni, na mimi nitakuwa naye kuandika wanachosema.